Vitabu vya picha tulivyokulia Lubumbashi: nani bado anavyo?

Mwana_wa_Katuba (mwenye uzi)

Bandugu, mujambo wote, wa hapa L'shi na mlioko mbali.

Natafuta vitabu vya picha vya zamani, na pamoja navyo natafuta watu waliovisoma. Nazungumzia miaka ya 70 na 80, jimbo linaitwa Shaba, nchi inaitwa Zaïre. Akim, Zembla, Blek, Kouakou, Mwana Shaba Junior, Tintin, Martine, na yale magazeti ya kuchora ya Kinshasa yaliyopanda mto hadi Ilebo, yakapakiwa kwenye treni, yakatufikia yamechoka tayari, na bado tuligombania nani ayashike kwanza.

Ninalotaka kusema ni hili. Watu wa rika langu wakianza kukumbuka wanasema "tulikuwa tunasoma bede", yaani vitabu vya picha. Kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, wengi wetu hatukuwa tunasoma, tulikuwa tunasomewa. Jioni, baada ya bukari (ugali), watoto wa parseli (viwanja) tatu nne wanajaa kwenye barza ya kwetu. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anakaa katikati, kitabu juu ya magoti, taa ya petroli pembeni. Maandishi ni ya Kifaransa. Kinachotoka mdomoni mwake ni Kiswahili cha Katuba, na nusu ya maneno yake hayakuandikwa popote kwenye ile karatasi. Askari wa Kiingereza aliyepigwa na Blek alilia kwa sauti ya polisi wa soko, na sisi sote tulimjua. Yaya akifika chini ya ukurasa, anafunika unaofuata kwa kiganja na kuuliza: "Haya, sasa atatokea wapi?" Haugeuzwi mpaka kila mtoto ajibu, hata yule mdogo ambaye ulimi bado haujakaa sawa. Tuliinama kuchungulia picha katikati ya kidole na kidole.

Karatasi zenyewe zinaweza kupatikana. Wakusanyaji wa Ubelgiji na Ufaransa wanazo, zimepangwa kwa namba. Lakini ule usomaji wa barzani hauko kwa mkusanyaji yeyote. Uko kwa mayaya zetu, na mayaya wanazeeka. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Ukiwa na kitabu, sema. Ukiwa huna kitabu lakini unakumbuka nani alikusomea, na alisomaje, hilo nalitaka zaidi.

Mama_BelAir

Umenigusa, ndugu yangu. Mimi ni mtoto wa Martine.

Masista wa shuleni kwetu walikuwa na kabati la vioo, na kabla ya kupewa kitabu unanyoosha mikono, sista anaitazama juu na chini. Ukiwa na udongo unarudi bombani. Martine alianza kutoka mwaka 1954, maneno ya Gilbert Delahaye, picha za Marcel Marlier, wote Wabelgiji, na vitabu vikaendelea mpaka vikafika 60. Mimi maneno sikuyajali. Nilikuwa natazama mwanga. Yule Marlier alijua kuchora jua linavyoingia dirishani na kulala juu ya kitambaa cha meza. Na yule mbwa Patapouf, manyoya yake unataka kuyashika.

Mama yangu alikuwa anashona. Siku moja sista aliniruhusu nikae na kitabu mpaka Jumatatu, nikamwonyesha mama gauni moja lenye kola ya duara. Mama hakusema kitu. Alichukua kitenge kilichobaki kwa mteja, akaweka kitabu wazi kando ya mashine, akashona akitazama picha, anashona, anatazama. Ile kola ilitoka vilevile. Nililivaa gauni hilo Noeli, na wasichana wa kalasi wote walilitambua: "Ni la Martine!"

Kwa hiyo hata sisi tulisomewa, ila mama yangu alisoma kwa sindano.

Kitu kimoja kinaniuma nikikumbuka. Katika picha zote zile nilizozipenda, mtoto anayefanana nami sikumwona. Binti yangu alipofungua Martine mara ya kwanza aliniuliza hilo kabla hajafika nusu ya kitabu. Mimi katika utoto wangu sikuuliza kamwe.

Fundi_Kamalondo

Weee, munanikumbusha mbali! Siye kwetu Kamalondo ilikuwaka biashara. Akim mbili zenye hazina kifuniko, unapata Zembla moya yenye iko nacho. Blek yenye haiyapasuka, hapo unaongeza na mabiye (gololi). Tulikuwaka tunabadilishana ku mulango ya sinema. Mwenye hana kitu analipa kidogo, anasoma palepale amesimama, na mwenye buku anamuangalia asipasule.

Kisha ikakuya ile miaka ya 90. Bamama ba karanga bakaanza kununua makaratasi kwa kilo. Unanunua karanga ku gare ya treni, unafungua, unakuta Zembla anaruka juu ya mutu, na haujue alianguka wapi, maana ukurasa mwingine uko ku karanga ya mutu mwingine. Mi nilikuwaka nakula karanga, nanyoosha ile karatasi ku mupaja, nabandika mu kaye (daftari). Kila siku, nikipata. Iko mpaka leo, kaye nzima, hadithi haina mwanzo haina mwisho. Mafuta ya karanga imepita mu picha, lakini sura zinaonekana.

Mwana_wa_Katuba

Fundi, hiyo kaye ishike kama hati ya parseli. Tutarudi kwake.

Mwalimu_Mustaafu

Niongeze historia kidogo kwa ajili ya vijana.

Akim na Blek ni Waitalia. Akim alianza mwaka 1950. Blek alianza mwaka 1954, mkononi mwa wachoraji watatu waliotia sahihi kwa jina moja, EsseGesse, na Wafaransa wakamtoa katika kitabu kiitwacho Kiwi. Zembla ni wa Lyon, Ufaransa, wachapishaji Lug, mwaka 1963. Vyote ni vidogo, kama sentimita 13 kwa 18, wino mweusi tu, karatasi ya bei ya chini. Udogo huo ndio uliovipa maisha hapa kwetu: vinaingia ndani ya kitabu cha hesabu bila kutokeza. Nimefundisha miaka mingi, naijua njia hiyo. Nilivinyang'anya, na mwisho wa muhula kila mtoto alirudishiwa chake, kwa sababu nilijua kimenunuliwa kwa jasho la nani.

Zembla alitembea katika msitu wa Afrika akifuatana na kangaruu, Pétoulet. Afrika hakuna kangaruu wa porini. Watoto wa la tano waligundua wenyewe, ramani ya wanyama imetundikwa ukutani na Zembla kafichwa chini ya dawati. Mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, huyu alipita wapi, na bahari iko katikati?" Somo la jiografia halijawahi kuwa rahisi kwangu namna ile. Tulitoka hapo tukazungumzia meli, mabara, na mtu anayechora nchi ambayo hajaiona.

Tusisahau pia vya kwetu wenyewe. Gazeti la Jeunes pour Jeunes lilianza Kinshasa mwaka 1968, baadaye likaitwa Kake. Humo mlikuwa na Apolosa na Sinatra, watu wa cité, yaani mitaa ya watu wa kawaida, na lugha ya vijana wa mitaani. Mchoro unaonyesha ukuta wa tofali, beseni la maji, bar ya kona. Kwa mara ya kwanza niliona mtu wa kuchorwa ambaye angeweza kuwa jirani yangu.

Birere_Kwetu

Mimi ni wa Goma, rafiki wa L'shi ndiye aliyenitumia uzi huu.

Kwetu kitabu kilikuwa kimoja: kile kikubwa cha manjano cha hadithi za Biblia, hadithi 116, kwa Kiswahili. Ni cha Mashahidi wa Yehova, na sisi ni Wakatoliki, lakini nyumbani hakuna aliyeona tatizo. Kilikuwa kitabu chenye picha, basi.

Bibi yangu hakujua kusoma. Alitusomea kwa picha peke yake, tangu Adamu, na hakuruka hata moja. Picha aliyokaa nayo sana ni ya mke wa Lutu, amesimama njiani mweupe kabisa, wenzake wanakimbia mbele. Kitabu kinaeleza kosa lake. Bibi alikuwa na maelezo mengine: yule mama alikuwa ameacha watu na vitu nyuma, na mama hawezi kuondoka nyumbani bila kuhesabu kama wote wametoka.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Moto wa mlima ulishuka katikati ya mji, Birere, mtaa wetu, ikaungua, sisi tukavuka mpaka Gisenyi na watu wengine wote. Kitabu kilibaki ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Tuliporudi hapakuwa na sanduku, wala kitanda, wala ukuta. Lilikuwa jiwe jeusi, bado lina joto ukilikanyaga.

Nimekwisha pata kingine, picha zilezile. Nimewasomea watoto wangu yaliyoandikwa. Walipofika kwa yule mwanamke waliniuliza kwa nini aadhibiwe. Nikawapa maelezo ya bibi.

Mwana_wa_Katuba

Asante sana kwa hili, ndugu wa Goma. Pole kwa nyumba na kwa kitabu. Ninaomba uandike maneno ya bibi kwa kila picha unayoikumbuka, jinsi alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Hicho ni kitabu cha pili ndani ya kile cha kwanza, na aliyebaki nacho ni wewe.

Kijana_wa_Kenya_commune

Shikamooni wakubwa. Nimezaliwa mwaka 1999, sikuviona hivi. Nauliza kwa heshima: kwenye orodha mwenye uzi ameweka Tintin. Kile cha Congo nimekiona kwenye simu. Watu wetu wamechorwa midomo mikubwa, wanaongea kama watoto, mzungu ndiye anayejua kila kitu. Mnawezaje kukikumbuka kwa raha?

Mwalimu_Mustaafu

Swali la haki, mwanangu. Hergé, mchoraji wa Tintin, alikitoa kwa mafungu katika Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la Brussels, mwaka 1930 na 1931. Congo hakuwahi kufika. Mwaka 1946 alikichora upya kwa rangi, na lile somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto weusi juu ya "nchi yenu, Ubelgiji", akaligeuza kuwa somo la kujumlisha. Sura za watu hakuzigusa kwa namna ya maana. Mwaka 2007 Mkongomani mwenzetu, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka mahakamani Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikakataa madai yake.

Mimi darasani sikukiweka. Sikukichoma pia. Nilipokutana nacho mkononi mwa mtoto, nilikaa naye tukakitazama pamoja.

Mama_BelAir

Kwetu baba alikiondoa nyumbani bila maelezo. Tintin wa mwezini akambakiza, na kitabu hicho nilikisoma mpaka uzi wa mgongo wake ukakatika.

Mwana_wa_Katuba

Kijana wangu, ngoja nikwambie jinsi kilivyosomwa kwenye barza yetu, maana hapo ndipo hoja yangu yote ilipo.

Yaya alikipata kwa mtoto wa mwalimu mmoja. Alikisoma kwanza peke yake mchana, nilimwona, uso umekunjamana. Jioni tukakaa. Na yaya wangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, akakigeuza. Wale wenyeji waliochorwa vibaya ndio walioongea maneno mazito, mithali, mizaha ya watu wenye akili. Tintin akawa mgeni ambaye haelewi yuko wapi. Kila alipopiga mnyama, wazee wa kijiji waliulizana: "Huyu atakula nyama yote hiyo peke yake?" Milou, mbwa wa Tintin, ndiye aliyeelewa, akawa anaomba msamaha kwa niaba ya bwana wake. Tulicheka mpaka nkambo, mzee wa nyumba yetu, akatoka ndani kuona kuna nini. Akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema yaya aanze tena tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma Kifaransa chake mwenyewe, nikakuta hakuna hata neno moja la yaya. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Hadithi niliyoipenda ilikuwa ya yaya wangu, na jina lake haliko juu ya kifuniko.

Kwa hiyo ukiniuliza nakumbuka nini kwa raha, nakumbuka hiyo.

Kijana_wa_Kenya_commune

Nimeelewa, mukubwa. Yaya yuko hai? Naomba arekodiwe. Simu yangu inarekodi vizuri, nitakuja mwenyewe.

Mwana_wa_Katuba

Yuko, na akili yake ni kali kuliko yangu. Karibu sana.

Reli_ya_Kigoma

Jirani zenu wa ng'ambo ya ziwa tunawasoma. Huku kwetu lilikuwa gazeti la Sani na wahusika wake: Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge. Kiswahili kitupu kilichoandikwa, kwa hiyo kila mtu alijisomea, na huyo yaya wenu wa barzani sisi hatukumpata. Nasoma hapa naona tulikosa kitu.

Ila nawaambia pia kuna mchoraji wenu, Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Kitabu chake Madame Livingstone cha mwaka 2014 kinahusu vita vya kwanza vya dunia hapa hapa Tanganyika, pamoja na ile meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo Liemba yetu. Mimi nimepanda Liemba na wazazi wangu. Kuiona imechorwa na Mkongomani, ukubwa wa ukurasa mzima, kulinifanya nikae chini.

Mtoto_wa_Kambi_Kipushi

Samahani nimechelewa kuingia. Mwana Shaba lilikuwa gazeti la wafanyakazi wa kampuni ya migodi, Union Minière, tangu mwaka 1957, likaendelea kampuni ilipokuwa Gécamines. Junior lilikuwa la watoto. Baba alikuwa anakuja nalo limekunjwa mfukoni mwa koti la kazi, na kabla hajavua viatu tayari tumemzunguka.

Sasa habari yenyewe: yapo mawili kwa mama. Tuliyakuta ndani ya sanduku la vyeti vya ubatizo. Moja kifuniko kimepasuka, la pili mchwa wameonja pembeni na kurasa za katikati zimegandana. Ndugu yangu anataka kuyapiga scotch (utepe wa gundi) kisha tuyapeleke yafunikwe kwa plastiki, yasiharibike tena. Nauliza kama ni sawa.

Mwana_wa_Katuba

Mungu akubariki wewe na mama! Ninaomba, ninaomba sana, ndugu yako asiguse.

Scotch hapana. Gundi yake inageuka rangi ya chai baada ya miaka, inaingia ndani ya karatasi, na haitoki. Kufunika kwa plastiki ya moto hapana kabisa, maana huwezi kuifungua tena bila kuua ukurasa. Kurasa zilizogandana usizivute kwa kucha wala usizilowanishe, ziache hivyo, tutatafuta mtu mwenye mkono wa kazi hiyo. Karatasi ya magazeti imetengenezwa kwa mti uliosagwa, ina kitu ndani yake kinachobadilika rangi kikikutana na mwanga na hewa, ndiyo maana inakuwa ya njano na kuvunjika. Kwa hiyo giza, pakavu, na mbali na joto la mabati. Weka ndani ya boksi la karton, boksi juu ya kitu, lisiguse sakafu wala ukuta, mchwa wanapitia huko. Dawa ya wadudu usiipulize juu ya karatasi yenyewe.

Kabla ya yote, piga picha. Kaa karibu na dirisha, jua lisiangukie ukurasa moja kwa moja, flashi izimwe, simu iwe sambamba na karatasi, ukurasa mmoja mmoja. Usiruke matangazo. Usiruke majina ambayo watoto wameandika kwa bic kwenye kifuniko, hayo nayataka kuliko hadithi: yanatuambia kitabu kilipita kwa nani.

Na jambo la mwisho, kwa wote mtakaorekodi. Mpe yaya au mama kitabu mkononi, fungua kwenye picha, kisha nyamaza. Usimwombe atafsiri Kifaransa. Usimsahihishe akikosea jina. Watoto wakiwepo ni bora zaidi, kwa sababu hawa hawakuwahi kusoma wakiwa peke yao, na mbele ya simu tupu maneno hayatoki. Taja tarehe na mtaa mwanzoni, basi.

Mtoto_wa_Kambi_Kipushi

Nimeelewa. Scotch nimeificha mimi mwenyewe. Mama anasema kwenye kambi yetu aliyekuwa anasoma kwa sauti alikuwa mwanamume, mfanyakazi wa zamu ya usiku, mchana anakaa chini ya mwembe na watoto wote wa avenue. Watoto wake wako Likasi. Nitawatafuta.

Mama_BelAir

Na mimi nitamwuliza dada yangu wa Kolwezi kama lile gauni la Noeli alilihifadhi. Najua halihusiki na karatasi, lakini kama lipo nitalipiga picha, kola na kitabu vikiwa pamoja.

Mwana_wa_Katuba

Linahusika kabisa, mama.

Fundi_Kamalondo

Sasa mi kaye yangu, picha zimebandikwa na gundi ya bukari, niache vile?

Mwana_wa_Katuba

Acha vile vile. Usibandue hata moja. Lakini angalia mende na panya, hiyo gundi kwao ni chakula. Ikae ndani ya kitu kinachofunga, na unifungulie niipige picha yote.

Fundi_Kamalondo

Sawa. Leo naweka hapa ukurasa wa kwanza. Ni Akim, yuko ku daraja ya kamba, na chini muko mamba. Namba imekatika, iliendaka na karanga. Nani anaijua hii, na alivukaka ao hapana?

Mwalimu_Mustaafu

Weka na upande wa nyuma wa karatasi kama unaonekana. Mara nyingine namba imechapwa huko chini, kwa herufi ndogo.